Gazeti la kwanza la Greenland halikuwa la Kidenishi

Ndugu, si kweli kwamba watu wa Greenland, kisiwa kilichokuwa koloni la Denmark, walisoma magazeti ya Kidenishi tu hadi karne ya 20, kwa kuwa gazeti la Atuagagdliutit lilianza kuchapishwa mjini Nuuk mwaka 1861 kwa lugha ya wenyeji wenyewe, miaka 62 kabla ya gazeti la Mambo Leo kuanza kuchapishwa huku kwetu. Hinrich Rink, ofisa wa Denmark, ndiye aliyelianzisha, lakini mhariri wa kwanza, Rasmus Berthelsen, na Lars Møller aliyemrithi walikuwa Wagreenland.

Nafundisha historia hapa Lindi, na jambo ninalolisisitiza darasani ni kwamba wasomaji ndio waliolijaza gazeti hilo: mwindaji wa sili aliandika jinsi kayaki yake ilivyopinduka na alivyookoka, na watu wa kijiji cha mbali wakaisoma habari yake baada ya muda mrefu, maana hapakuwa na barabara za kuunganisha makazi. Sisi tuliokuwa tukisubiri magazeti ya Dar es Salaam wakati mvua zilipokata njia, kabla ya Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, tunaelewa thamani ya karatasi iliyochelewa.

Huenda mkanganyiko umetokana na mwaka 1952, gazeti hilo lilipounganishwa na Grønlandsposten, gazeti la Kidenishi, na kuanza kutoka kwa lugha zote mbili.