Maswali na majibu: Pasua firigisi kabla hujakariri

Maswali ya baiolojia yamerundikana. Nusu yake ni "seli ni nini?" na hayo nimeyaweka kando, jibu limo ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Shikamoo mwalimu. Firigisi ya kuku ni tishu au ogani? Rafiki yangu anasema ni tishu kwa kuwa ni nyama tupu. (Kidato cha pili, Morogoro)

Marahaba. Rafiki yako hajawahi kutumwa kuisafisha. Ipasue katikati. Utakuta punje za mahindi na vijiwe, maana kuku hana meno, anasagia humo. Halafu kuna ule utando wa njano wenye mikunjo, unaobanduka ukiuvuta kwa ukucha. Usidhani ni ngozi: ni ute uliotolewa na tezi zilizo chini yake ukawa mgumu. Chini zaidi ndiyo nyama nyekundu nene, tishu ya misuli (tishu ni kundi la seli zinazofanana zenye kazi moja), na ile nyeupe inayong'aa, inayokusumbua kutafuna, ni tishu unganishi. Ongeza mishipa ya damu na ya fahamu. Tishu kadhaa zimeungana kwa kazi moja, hiyo ni ogani. Watoto wanaimba "seli, tishu, ogani, mfumo" kama kibwagizo huku mfano mzima unachemka jikoni kwao. Walimu wenzangu wanaochora ubaoni mwaka mzima bila kupasua kitu, lawama hii inawahusu pia.

Amiba ana ogani ngapi?

Hana hata moja. Ni seli moja, basi. Vilivyomo ndani ya seli ni oganeli. Soma neno hadi mwisho.

Kitabu kinasema kiini kiko ndani ya seli. Wewe uliandika kiini cha yai ni seli. Nishike lipi?

Yote mawili, kosa ni la neno. Kiswahili kimebebesha "kiini" mizigo miwili. Kiini cha seli hubeba vinasaba na hukioni bila hadubini. Kiini cha yai ni ile njano, na kama jogoo hakuhusika, njano yote ni seli moja iliyojazwa chakula. Vinasaba vyake vimo kwenye kile kidoa cheupe juu yake. Ute mweupe na ganda ni vifungashio tu. Yai lililorutubishwa ni habari nyingine: siku linapotagwa tayari lina maelfu ya seli.

Damu ni majimaji, inakuwaje tishu?

Ni tishu unganishi, seli zake zinaelea kwenye plazima, yaani majimaji ya damu. Seli zako nyekundu zilizokomaa hazina kiini na huishi siku 120 hivi. Za kuku zina kiini. Watahini wanalipenda hilo.

Mwalimu, naomba jina la dawa nzuri ya kusafisha figo. (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Mama, figo ndizo zinazosafisha. Kila moja ina nefroni, yaani vichujio vidogo sana, karibu milioni moja, na zote mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu zote kwenye damu, wewe ukakojoa lita moja au mbili. Hiyo chupa isiyo na lebo unayouziwa stendi itapita kwenye nefroni hizo hizo, na nefroni ikifa haioti nyingine. Na mwenzangu unayemeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila mgongo ukikukaza, usijifanye hujasoma hapa: dawa hizo zikizoeleka huumiza figo. Miguu ikivimba, au mkojo ukitoa povu lisiloisha, nenda hospitali wapime mkojo na kreatinini, taka ya damu inayoondolewa na figo. Muuza chupa hana kipimo hicho.

Kongosho iwekwe mfumo wa mmeng'enyo au wa homoni? Darasani tumegombana.

Kote kuwili. Inamwaga vimeng'enya kwenye utumbo mwembamba na insulini, ambayo ni homoni, kwenye damu. Mipaka ya mifumo tumeichora sisi ili tuweze kufundisha, kongosho haina habari nayo.

Virusi wana seli?

Hawana. Nimelijibu hili mara ya tatu tangu Januari.