Barua kwa mwanangu: kanda za babu yako

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku sote hatujambo, alhamdulillahi. Umeniuliza kwa nini babu yako, injinia wa mitambo pale Kilindini, jioni zake alizimalizia kurekodi ngoma za watu, na hali santuri za waimbaji wa pwani zilijaa madukani. Tena wauliza kama uyakate maongezi unapozihamishia kanda zake kwenye kompyuta.

Hizo santuri ndizo zilizomkera. Tangu Siti binti Saad, mwimbaji wa tarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika 3 tu. Wimbo wa tarabu utaupunguza beti, uingie. Sengenya, ngoma ya Wadigo wa Kwale, haipunguziki: ngoma za chapuo na msondo hutangulia, nzumari hungoja ngoma zikolee, na muda wake waujua wachezaji wenyewe. Babu yako akapiga hesabu kama fundi. Mkanda wa futi 1,200, kwa kasi ya inchi 7.5 kwa sekunde, ulimpa dakika 32. Akawa kila akipata nafasi avuka feri ya Likoni kwenda Kwale na mashine yake.

Ngoma ya vugo ilimpa kazi zaidi, maana ni ya wanawake harusini na mwanamume haingii. Hapa Kibokoni alikuwa akikaa barazani na mashine, waya umepita dirishani, mimi ndani nimeshika maikrofoni. Alinifunza nijitenge na wapiga pembe. Pembe ya nyati ikigongwa kwa kijiti huwa kali, humeza sauti ya mwimbaji. Kwa hiyo nilikaa ubavuni mwa mama anayetoa wimbo, pembe zikawa nyuma yangu. Huyo mtoto unayemsikia akiuliza, "Baba, yaingia?" ni mimi mamako.

Basi usikate kitu. Kwenye maongezi yale ndiko wanakokubaliana nani atoe, beti ipi ya bwana harusi, ipi ya kumtania somo, yaani kungwi wa bibi harusi. Msichana anayetaka kulijua vugo leo atapata mengi hapo kuliko kwenye nyimbo zenyewe, na mimi naona hilo babu yako alilijua, ndiyo maana hakuzima mashine.

Kanda zenye ukungu zisafishwe kwanza, zisije zikachafua vichwa vya mashine. Anza na za Kwale, ndizo zilizoharibika zaidi, na nakala ya kwanza wapelekee wajukuu wa mpiga nzumari kabla hujampa mtu mwingine.

Wasalaam,
Mamako