Nisafiri Vipi na Rangi Zangu?

Swali: Mhariri, naishi ughaibuni nikichora picha za vitabu vya watoto, kazi ya kujitegemea. Juzi uwanja wa ndege walitupa chupa yangu ya wino, mililita 250. Nifanyeje?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Mimi nilinyang'anywa tapentaini, kiyeyusho cha rangi za mafuta, na kwa haki: inashika moto, hata kwenye begi la mizigo hairuhusiwi. Wino nao ni kimiminika; viwanja vingi huruhusu mkononi chupa isiyozidi mililita 100. Siku hizi nabeba rangi za maji zilizo kavu, za vidonge, na brashi yenye tangi la maji kwenye mpini, likiwa tupu. Kisu cha kuchongea penseli kiende mizigoni. Michoro yenyewe, la hasha! Ibebe mkononi, ila kwanza ipige skani, nukta 300 kwa inchi, umtumie mteja kabla hujapanda ndege.