Kamera ya mzamiaji ining'inie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Utende, Mafia, na huu ni mwaka wa pili naongoza wageni kuzamia. Nimenunua kamera ndogo ya mtumba, ipo ndani ya kasha lake la plastiki lisiloingiza maji, imekuja na kamba ya mkononi tu. Juzi tukiwa Kinasi, mlango wa maji wa Ghuba ya Chole, mkondo ulituchota, nikalazimika kumshika mgeni kwa mikono yote miwili. Kamera ikawa inanigonga kiwiko muda wote, mara ikajisokota kwenye mpira wa hewa wa mgeni. Mwenzangu kanishauri niifunge kwa karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa springi, kwenye mkanda wa uzito. Je, niifunge wapi, kwa kifaa gani, na ipi ni afadhali, kamera inayozama au inayoelea?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na ushauri wa mwenzako, maana ndio wenye hatari. Kwenye mkanda wa uzito usifunge kitu chochote. Mkanda ule umetengenezwa ili siku ukizidiwa uufungue kwa mkono mmoja, udondoke, nawe upande juu. Ukiutundikia kamera, ama kamera itakwenda chini pamoja na mkanda, ama kamba yake itaung'ang'aniza mkanda kiunoni usidondoke. La kwanza ni hasara ya fedha. La pili unalijua mwenyewe. Kama jaketi lako la hewa, lile unalolijaza ili uelee, lina mifuko ya uzito badala ya mkanda, mambo ni yale yale: usifunge kwenye mishikio ya mifuko hiyo. Wala usifunge kwenye mpira wa hewa wowote, hata ule wa kujazia jaketi ambao wengi wanauona kama kamba ya bure.

Karabina nayo iache nchi kavu. Mlango wake hufunguka kwa kusukumwa ndani, na chochote kinachougusa kinaweza kuusukuma, mkono wako au mshipi wa mvuvi uliokatikia kwenye tumbawe. Mshipi ukishaingia, mlango unajifunga nyuma yake, na sasa wewe ndiye samaki. Wazamiaji wa mapangoni huiita klipu ya kujiua, na hawatanii. Huku kwetu mapango si mengi ya kuzamia, lakini vipande vya nyavu na mishipi kwenye miamba unavijua kuliko mimi.

Tafuta klipu ya springi, ile yenye kitufe kidogo ubavuni unachokirudisha nyuma kwa kidole gumba ndipo ulimi ufunguke. Ni kama zile za kamba za mbwa, ila ya baharini iwe ya chuma cha pua. Za kamba za mbwa mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi tu, na mwezi mmoja wa maji chumvi unatosha kuzigandisha. Chagua yenye kitufe kinachoshikika na kidole kilicholowa. Jioni isuuze kwa maji baridi ya bomba na ukichezeshe kitufe mara kadhaa, kwani chumvi ikikauka ndani ya springi, siku unayohitaji kufungua haraka klipu haifunguki.

Sasa nifike mahali ambapo kamera nyingi hupotelea: kiungo kati ya klipu na kamera. Kamba huwa nzuri, klipu nzuri, halafu katikati mtu anaweka pete ya funguo. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye ukuta mmoja Pemba, mita kama 18, nimeshika kamera ya mgeni aliyeniomba nimpigie picha. Niliiachia sekunde tano nirekebishe maski. Mgeni mwingine akapita karibu, pezi lake likaivuta kamera mara moja tu, si kwa nguvu. Nikaiona inashuka ikizunguka polepole, taa yake nyekundu ndogo inawaka, maana ilikuwa bado inarekodi. Ilishuka mpaka taa ikawa nukta, kisha ikawa hakuna. Nilipopanda juu nikaikuta pete kwenye klipu yangu, imechanuka kama ndoana iliyonyoshwa na jodari. Deni la ile kamera nililipa kwa miezi.

Pete ya funguo ni waya uliokunjwa mara mbili. Ukivutwa pembeni hujikunjua, na ya chuma cha kawaida hula kutu kwa ndani, pale usipopaona. Badala yake funga klipu kwa uzi wa nailoni uliosukwa, ule ule wa kufumia nyavu, unaopatikana duka lolote la vifaa vya uvuvi. Pitisha kwenye tundu la kasha na kwenye jicho la klipu mara nne au tano, kaza, funga fundo mbili, kata, kisha ncha uzichome kwa kiberiti mpaka ziyeyuke na kufanya vichwa. Uzi una faida mbili ambazo chuma hakina. Ukichakaa unaota manyoya, unaona mapema na kuubadilisha. Na ukinaswa vibaya, kisu chako kinaukata kwa mkato mmoja. Chuma kilichoungwa na chuma huwezi kukikatia baharini.

Kuhusu mahali: kifuani, kwenye pete ya chuma ya bega la kushoto. Wengi wetu mipira ya kupumulia hutokea kulia, ule wa mdomo wako na ule wa mdomo wa akiba ambao mgeni aliyeishiwa hewa atakuja kuunyakua. Upande huo uache wazi. Tumia kamba ya kujikunja, ile iliyosokotwa kama waya wa simu za zamani za mezani, yenye kifungo cha kubana katikati. Ukiishika kamera, kamba inanyooka mpaka urefu wa mkono. Ukiiachia, inairudisha kifuani. Kifungo cha katikati ni cha siku mbaya: ukibonyeza, kamera inabaki na nusu ya kamba, wewe unabaki huru.

Lakini kwa Kinasi hiyo kamba peke yake haitoshi. Mlango ule wa maji unaujua. Wakati wa bamvua maji yote ya Ghuba ya Chole ni kama yanapita kwenye shingo ya chupa, na kitu kinachoning'inia hakining'inii tena, kinapeperuka. Ndiyo maana ilikugonga kiwiko. Ongeza klipu ya pili, fupi, iliyofungwa moja kwa moja kwenye kasha. Mkondo ukikaza au mgeni akihitaji mikono yako, ipachike kwenye pete ya kifuani, au ya kiunoni kama jaketi lako linayo. Hapo kamera imebanwa mwilini, haiburuzi kwenye matumbawe, hainasi mpira wa mtu. Siku ukipata kamera kubwa ya mishikio miwili, funga kamba fupi kutoka mshikio mmoja hadi mwingine na klipu kila upande, uipachike kwenye pete zote mbili za kifuani. Ile kamba ya mkononi usiitupe: ibakie ya akiba wakati umeishika, isiwe ndiyo tegemeo.

Swali la kuzama au kuelea halihitaji kubahatisha, lipime. Chukua ndoo ya maji na ile mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo ya safari. Funga kasha na kamera ndani yake kama unavyozamia nayo, litundike kwenye mizani, lizamishe lote bila kugusa ukingo wala chini, usome. Tuseme nchi kavu ni kilo 2.4 na kasha linachukua nafasi ya lita 2. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, kwa hiyo bahari inalibeba kwa kilo 2.05, na mkononi mwako unabaki na gramu 350. Maji ya ndoo ni mepesi kidogo kuliko ya bahari. Kwa kasha la ukubwa huo, toa gramu 50 kwenye ulichosoma. Kamera yako ndogo huenda ikasoma chini zaidi, au isizame kabisa.

Mimi napenda ile inayozama kidogo sana, gramu 100 au 200. Unaiachia, inatulia chini ya kifua chako na haikusumbui usawa. Inayoelea sana inapanda mbele ya uso, inavuta kamba juu, na ikichomoka kwenye mkondo inakwenda juu bila wewe. Huwezi kuikimbiza kwa sababu kupanda kwa kasi kunaumiza kuliko hasara yoyote. Inayozama sana inakuchosha mkono, na unapompandisha mgeni aliyepaniki ni mzigo juu ya mzigo. Kama yako inazama mno, ongeza kipande cha povu gumu kwenye mshikio. Usitumie soli za kandambili kama wavuvi wanavyofanya kwenye nyavu za juu: soli ni laini, na mita 20 chini shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, hivyo povu laini linasinyaa na kukuacha na mzigo ule ule uliotaka kuupunguza.

Kuingia na kutoka majini kuna utaratibu wake. Usiruke wala kujirusha kinyumenyume na kamera kifuani. Kishindo cha maji kinaweza kusogeza kifuniko kwenye oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, na maji yakishaingia, kamba nzuri haisaidii. Ingia kwanza, baharia akupe, uipachike, ndipo ushuke. Wakati wa kutoka, iache imefungwa mpaka aliye juu ya boti ameishika na amesema kwa sauti "nimeshika". Akitikisa kichwa tu, usifungue. Ukiwa na wageni wanaoanza, mwachie baharia kamera tangu mwanzo. Siku hiyo kazi yako ni macho, si picha.

Kabla ya kwenda nayo Kinasi, simama kwenye maji ya kifua pale ufukweni na vifaa vyote, umefumba macho. Mwenzako aseme "fungua", nawe uifungue kwa mkono wa kushoto, kisha kwa wa kulia, mara kumi kila mmoja. Huyo huyo aliyekushauri karabina anafaa. Mahali ambapo mkono utapapasa ukikosa klipu, hapo pete isogezwe.