Picha za Ziwa Hazikurudi: kwa Wewe Unayefungua Tovuti Yako ya Kwanza

Tovuti yangu niliifungua mwaka 2009 katika saiba moja hapa mjini Nakuru, kwa WordPress, mfumo wa kujengea na kuendeshea tovuti. Nilikuwa naweka picha za ziwa na maelezo mafupi: heroe, ukingo wa magadi, watalii wakishuka langoni. Nilidhani kazi ni kuandika. Miaka ilipopita ndipo nikaona kwamba kazi kubwa zaidi ni kuyatunza yaliyokwisha kuandikwa, na hiyo hakuna aliyenifundisha.

Basi anza kwa kujua vitu vyako vinakaa wapi. Kwenye WordPress, maandishi na mipangilio huwa ndani ya hifadhidata, yaani ghala la data linaloendeshwa na programu ya MySQL au MariaDB, lakini picha zinakaa kando, katika folda ya wp-content/uploads. Mimi sikulijua hilo. Kwa miaka mitatu nilikuwa napakua lile faili moja la XML ambalo mfumo wenyewe hukupa, naliweka kwenye fleshi, kisha nalala usingizi mzito. Siku kampuni iliyonihifadhia tovuti ilipozima seva zake, yaani kompyuta zilizokuwa zikiibeba, nilipeleka faili lile kwingine. Maandishi yalirudi yote. Picha haikurudi hata moja. Faili lile hubeba anwani za picha tu. Picha zenyewe mfumo huenda kuzichukua kwenye seva ya zamani, na yangu ilikuwa imeshazimwa.

Kilichoniuma ni lango. Maji ya Ziwa Nakuru yalianza kupanda mnamo 2010, na baadaye yakalimeza lango kuu la zamani la hifadhi. Nilikuwa nimelipiga picha likiwa kavu, watu wamepanga foleni. Chache nilizikuta kwenye kadi ya kamera. Zilizobaki zimekwenda, na pale mahali huwezi kurudi ukapiga tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, chukua vyote viwili: hifadhidata nzima kupitia phpMyAdmin, programu ya kuifungua hifadhidata kwenye kivinjari, na folda ya picha yote. Halafu irudishe tovuti kwenye kompyuta yako ya nyumbani uone kama inafunguka. Mimi hufanya hivyo Januari na Julai, na huchukua jioni moja.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako, hata kama aliyekutengenezea ni mtoto wa shangazi. Fundi huhama, hubadilisha laini, na ilani ya kulipia inaendelea kwenda kwenye barua pepe yake. Na barua pepe unayosajilia isiwe ya tovuti hiyohiyo: jina likikatika, barua nayo inakatika, na ilani huioni.

Plagini, yaani vipande vya programu unavyoongeza kwenye mfumo, ziwe chache. Nilikuwa na moja ya kupanga albamu za picha. Mwenye kuitengeneza alipoiacha, nikaitoa, na kurasa zaidi ya mia zikabaki na maneno ndani ya mabano ya mraba mahali pa picha. Nilizirekebisha moja moja, usiku baada ya usiku. Kabla hujaweka plagini jiulize: nikiitoa kesho, ukurasa wangu utasomeka?

Mifumo nayo inazeeka. WordPress ilitoka Mei 2003, na Desemba 2018 toleo la 5.0 lilibadilisha kabisa namna ya kuandika ndani yake. Drupal ni mfumo mwingine wa aina hiyo; toleo lake la 7 lilisitishiwa huduma tarehe 5 Januari 2025, na kutoka hapo kwenda matoleo mapya ni kuhama nyumba hasa, wala si kubonyeza kitufe cha kusasisha. PHP, lugha inayoendesha mifumo yote miwili, pia huacha matoleo yake ya zamani: 7.4 ilifikia mwisho Novemba 2022. Sasisha mara kwa mara, kidogo kidogo, kwenye nakala ya nyumbani kwanza. Anayekaa miaka sita bila kugusa hupata kila kitu kikivunjika siku moja.

Anwani za kurasa ziamue mapema, usizichezee. Mwalimu aliyewapa wanafunzi ukurasa wako mwaka 2012 hatajua kwamba umeuhamisha. Ukilazimika, weka elekezo la 301, linaloiambia kompyuta ya msomaji kwamba ukurasa umehamia anwani mpya kwa kudumu.

Zile picha chache za lango nimeziweka mahali patatu sasa: kwenye seva, kwenye diski ya nyumbani, na kwa dada yangu Kisumu.