Kliniki ya presha na kisukari kwenye zahanati: tulivyokosea mwanzo

Mkuu, umeuliza kama kliniki ya presha na kisukari inayokwenda vizuri kituo cha afya inaweza kupelekwa zahanati yenye watumishi watatu. Inawezekana, ila usiibebe nzima nzima. Mimi niliibeba hivyo, ikanishinda.

Kituo cha afya tulikuwa na tabibu, wauguzi wawili, mtu wa maabara na mtoa dawa. Alhamisi ilikuwa siku ya wagonjwa wa presha na kisukari. Muuguzi anapima presha na sukari, anawavua soksi wenye kisukari na kukagua hadi katikati ya vidole. Tabibu anabaki na wale tu ambao presha au sukari imegoma kushuka.

Nilipohamishiwa zahanati nikaja na Alhamisi yangu. Kumbe Alhamisi ni mnada! Halafu muuguzi ni mmoja: chanjo yeye, wajawazito yeye, na uchungu haujui ratiba. Wenye kisukari wamekuja bila kula tangu usiku, saa tano hawajapimwa. Wakaanza kupotea mmoja mmoja, wala siwalaumu.

Tukafuta siku maalumu. Presha yako imetulia? Njoo siku yoyote, upimwe, uchukue dawa, uende shamba. Kutoka CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, tukaiga daftari la miadi: Ijumaa jioni tunaangalia nani hajatokea, mhudumu wa afya wa kitongoji anapita kwake. Mhudumu huyo ndiye aliyegundua kwamba bibi mmoja anameza amlodipini, dawa ya presha ya kila siku, siku kichwa kikimuuma tu, nyingine anamgawia jirani. Mbele yangu bibi alikuwa akiitikia "nakunywa vizuri, mwanangu".

Tabibu wa kituo cha afya tukamweka kwenye simu. Tuliandikiana kabisa na kubandika ukutani: presha ya 180/110 au zaidi ikirudiwa kupimwa baada ya kupumzika na bado ipo, tabibu anapigiwa; ikiambatana na maumivu ya kifua, kupooza upande au kuchanganyikiwa, ni rufaa papo hapo.

Kinachoua mpango huu hasa ni dawa kuisha. Mtu ametembea saa mbili, unamwambia akanunue duka la dawa. Mwezi ujao humwoni. Na ukiagiza kwa kuangalia matumizi ya robo iliyopita unajidanganya, maana dawa zilipokuwa hazipo matumizi yalionekana madogo. Hesabu vichwa vilivyomo daftarini, zidisha kwa vidonge vya miezi yote unayoagizia, ndipo ujaze fomu.