Keji kwenye Impreza ya kazini na ya rali

Ndugu yangu, umeuliza kama fundi akuchomelee keji, yaani fremu ya mabomba ndani ya gari ya kukulinda likibiringika, kwa mabomba ya maji kwenye Subaru Impreza yako, ikaze bodi kwa ajili ya rali huku ukiendelea kwenda nayo kazini. Bomba la maji usilikubali hata kwa bure. Lina mshono, na gari likibiringika linaweza kukunjika au kupasuka.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono. Tao kuu nyuma ya viti liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.

Kinachosahaulika sana ni miguu ya keji. Bati la sakafu ni jembamba mno; bomba likikaa juu yake bila sahani ya chuma chini ya mguu litaitoboa kama msumari. Weka sahani ya milimita 3, yenye eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba. Kabla ya hapo toa karpeti, kwangua rangi, gonga kwa nyundo. Ukisikia mlio mzito uliokufa, hapo kuna kutu: kata, weka bati jipya.

Kukaza bodi, chomelea maungio ya mabati yake kwa vipande vya sentimita 2 hivi, ukiruka nafasi, ili joto lisiyapinde. Betri itolewe kwanza.

Kuhusu kwenda kazini na gari lenye keji, nakusihi usifanye hivyo. Kichwa kisicho na helmeti kikigonga lile bomba, hata ajali ndogo inaweza kuua. Tafuta gari jingine la mjini.